Bunduki Niliyoitoa Nyumbani kwa Hila

Nilivuta kifyatulio, nyundo ya bunduki ikagonga, tak. Kisha kimya.

Kushoto wanafyatua, kulia wanafyatua, mimi peke yangu bunduki imenuna.

Sasa jamani, cha ajabu si kwamba bunduki ilikataa. Cha ajabu ni kwamba mimi, niliyejiandikisha kwa hiari yangu mafunzo ya shabaha ya wikendi nzima, nililala pale kifudifudi nikamshukuru Mungu.

Maana sikwenda kujifunza kulenga. Nilikwenda kuitoa ile bunduki nyumbani, mume wangu asibaki nayo.

Naitwa Lavonne. Tunaishi mashariki mwa Montana, mimi na mume wangu Orrin, kwenye ranchi aliyoachiwa na baba yake. Mwaka wa kwanza wa ukame tulivumilia. Mwaka wa pili tukapeleka ng'ombe wote mnadani, hadi mitamba aliowalea Orrin mwenyewe kwa chupa.

Siku ile Orrin alirudi mwili tu. Mwenyewe alibaki huko huko mnadani.

Akaanza kugawa vitu. Tandiko la farasi kampa mpwa wake. Buti za kukanyagia matope, nzima kabisa, kampa jirani. Bunduki zake akaziuza moja moja, mimi nikafurahi, nikidhani anapunguza mzigo.

Ikabaki moja, ya babu yake, ile ya risasi ndogo. Hiyo ilikaa nyuma ya mlango wa jikoni tangu kabla sijaolewa.

Nikaanza kumkuta amekaa jikoni, chai imepoa mbele yake, anautazama ule mlango.

Nilijua. Mwanamke aliyelala na mtu kitanda kimoja miaka yote hiyo, hahitaji kuambiwa.

Lakini nitasema nini? Kwetu mwanaume unamuuliza habari za mvua, za trekta, za goti lake bovu. Habari za moyoni humuulizi. Na bunduki yake hugusi. Ukimficha bunduki yake ni kama umemvua suruali sokoni. Niliogopa nikiificha ndiyo nitakuwa nimemmalizia kabisa.

Tena niliogopa kulitamka lile neno. Niliona nikilitamka, nitakuwa nimempa mimi lile wazo.

Basi nikawa naishi hivyo. Nikisikia kimya jikoni, mapigo ya moyo juu. Nikisikia kitu kimeanguka, mapigo juu. Nilikonda hadi pete ikawa inacheza kidoleni.

Ndipo nikaona tangazo kwenye duka la chakula cha mifugo. Mafunzo ya shabaha kwa wanaoanza, Jumamosi na Jumapili. Njoo na bunduki yako.

Nikaona mlango umefunguka. Kwetu hakuna mwanaume atakayemnyima mkewe bunduki ya kwenda nayo mafunzoni. Atajisifia hadi kanisani.

Nilimwambia mezani, nikijichekesha chekesha, kwamba nimechoka kuwa mwanamke pekee wa kaunti hii asiyeweza kupiga kopo. Orrin alinitazama muda mrefu. Akaenda akaileta mwenyewe, akaifungua, akanionyesha chemba, pale risasi inapokaa. Nikaingiza kidole. Tupu. Ndivyo tulivyolelewa, bunduki haibadilishi mikono bila kuangaliwa chemba.

"Nenda nayo, Vonnie," akasema. "Kaa nayo siku zote mbili."

Nikamwomba wifi yangu Twyla aje kushinda naye, kisingizio jemu ya matunda ya porini. Jumamosi asubuhi nikaitupia bunduki kwenye pikapu, mkoba wangu begani kama kawaida, nikaondoka.

Shida ilikuwa Jumapili jioni. Bunduki lazima irudi nyuma ya mlango wake. Hapo akili yangu ilikuwa imegota, sina mbele wala nyuma.

Kama hujawahi kwenda mafunzo ya namna hii, nikwambie yakoje. Kwanza hakuna ubabe. Unakuta bibi wa miaka sabini, unakuta daktari wa meno, unakuta baba na binti zake. Unalaza bunduki mezani, imefunguliwa, kijibendera cha plastiki kwenye chemba ili hata aliye mbali aone haina kitu. Wanakusomea sheria za usalama hadi unaziota. Mtutu usielekee mtu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umelenga. Mkuu wa mstari wa wapigaji akisema acha, unaacha, hata kama unapiga chafya.

Kisha unalala mkekani, tumbo chini, viziba masikio juu ya kofia, jua linakuchoma shingo. Unafungwa mkanda wa bunduki mkononi hadi vidole vinakufa ganzi. Unafundishwa kupumua. Watu wazima na akili zetu, tunafundishwa kupumua.

Mwalimu wetu alikuwa mzee Leland, kofia nyekundu, sauti ya chini kama anabembeleza mtoto alale. Kwenye mkeka wa jirani alilala jamaa mmoja anaitwa Kermit, mdomo haufungi, fundi wa mabomba.

Bunduki yangu ilipogoma mara ya kwanza, nikafanya nilivyofundishwa. Nikaacha mtutu umeelekea mbele, nikasubiri, nikanyoosha mkono. Leland akaja, akaitoa ile risasi, akanipa nyingine. Tak. Kimya. Nyingine tena. Kimya.

"Dada, hiyo bunduki imeokoka nini?" Kermit akasema. "Mbona haitaki kuua?"

Mikeka yote ya pembeni ikacheka. Na mimi nikacheka, nikajikaza kisabuni, machozi yako hapa hapa kwenye kope. Angejuaje, masikini wa Mungu.

Leland hakucheka. Alikuwa anazigeuza zile risasi kiganjani.

"Hazina hata alama," akasema. "Hakuna kilichozigusa."

Akanipa bunduki ya kuazima, na yangu akaenda nayo kwenye meza yake. Kipindi kilipoisha akaniita pembeni. Alikuwa ameifungua vipande vipande juu ya taulo.

Akanieleza taratibu. Nyundo inagonga pini, pini ndiyo inagonga risasi. Pini hiyo ni kijiti cha chuma chembamba, kirefu kama kidole. Kwenye bunduki yangu haikuwepo.

"Imevunjika?" nikauliza.

"Haijavunjika, mama. Imetolewa. Na aliyeitoa ni mtu anayeijua bunduki hii, kairudishia kila kitu vizuri, hakukwaruza hata skrubu."

Aisee, moyo ulinidondoka.

Wa kuifungua ile bunduki ni Orrin tu. Na mimi kichwani nikapiga hesabu moja, ikanijia moja kwa moja. Alijua nitaichukua. Alijua toka mwanzo. Akanipa gamba, akanionyesha chemba tupu niridhike, nikaondoka nikitabasamu. Mtu hawezi kutoa pini kwenye bunduki yake ya mwisho kama hana nyingine aliyoificha mahali.

Na nimemwacha na wifi anayepika jemu.

Nikashika meza. Leland akanisogezea kiti. Hakuniuliza habari za bunduki tena.

"Mumeo anaendeleaje?" akauliza.

Naapa, tangu ng'ombe waondoke, kila mtu alituuliza nyasi zikoje, bwawa likoje. Huyu alikuwa wa kwanza kuuliza hilo. Nikamwaga yote. Nililia mbele ya mgeni, kamasi na kila kitu, wala sikuona aibu.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umemuuliza kama anataka kufa?"

"Nitamuulizaje neno kama hilo? Si nitamtia wazo?"

"Wazo kama analo, analo tayari. Ukimuuliza humwongezei. Unampunguzia. Nenda ukamuulize, kwa neno lenyewe, usizunguke. Na hii bunduki usirudi nayo. Itabaki kwangu mpaka mje wawili."

Pale uwanjani simu haishiki. Nilikimbiza pikapu hadi kwenye kilima cha barabara kuu ndipo nikampata Twyla. Nikamuuliza Orrin yuko wapi.

Akasema, "Huyo? Amelala toka umeondoka, wifi, usingizi wa pono. Ameamka sasa hivi, kala mkate na jemu, kaondoka kwa miguu kwenda bwawani. Nimfuate?"

Bwawani kuna nini? Bwawa limekauka tangu mwaka jana. Nikamwambia amfuate, akimbie, aache jemu iungue.

Ile njia ni mwendo wa saa nzima. Sikumbuki hata kona moja. Nakumbuka nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti, namtukana, namsihi, namuahidi Mungu vitu ambavyo sina. Nilimwambia Orrin, ukinifanyia hivi sitakusamehe, halafu papo hapo nikasema nitakusamehe, nitakusamehe chochote, usife tu.

Nikakata kona ya bwawa, vumbi limetanda, nikaruka chini na kuacha mlango wazi.

Alikuwa hai.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya tope lililopasuka, mbwa wetu miguuni. Twyla amesimama pembeni na aproni yake yenye jemu, anahema, haelewi kitu. Nikamwomba atuache kidogo.

Nikapiga magoti mbele yake hapo hapo.

"Orrin, unataka kufa?"

Kumbe ni maneno matatu tu. Miezi yote ile nilikuwa nimeyabeba.

Hakushtuka. Alitazama ardhi.

"Kuna siku nataka," akasema. "Siku nyingi."

Nilimshika mikono. Nikamuuliza la pili. "Bunduki nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi?"

"Usinifiche. Ile umeitoa pini. Mtu hatoi pini kama hana nyingine."

Akanikazia macho kama mtu aliyeamshwa. Kisha akasema, polepole, "Kwa hiyo kweli ulikwenda kuipiga? Mimi nilijua unaiondoa tu."

Alijua, jamani. Kumbe mwenzangu alijua muda wote.

"Hakuna nyingine, Vonnie," akasema. "Fungua mkoba wako. Kile kijifuko cha ndani."

Mkoba ulikuwa bado begani kwangu. Kijifuko chenyewe huwa nakiwekea pipi za mnanaa za kanisani, hata sizili. Nikaingiza vidole, nikatoa pipi zilizogandana, na chini yake kitambaa kimekunjwa kidogo, kimefungwa uzi.

Nikafungua. Kijiti cha chuma, chembamba, kirefu kama kidole.

Yaani nilitoka nyumbani na bunduki mkono huu na pini yake bega hili, na sikujua. Ilikuwa nami sokoni, ilikuwa nami kanisani, ilikuwa nami mkekani nilipokuwa nashukuru kwamba haipigi.

"Kwa nini humu?" nikamuuliza.

"Kwa sababu mkoba huo huuachi hata ukienda chooni. Unalala nao kitandani, kando ya mto wako. Ningeitaka ile pini, ningelazimika kuja kwako kwanza."

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilimlalia mapajani nikalia hadi mbwa akaanza kulia na sisi.

Akaniambia aliitoa wiki ile ile ya mnada. Hakutaka kunitisha, ndiyo maana alinyamaza. Mimi sikutaka kumtia wazo, ndiyo maana nilinyamaza. Watu wawili, nyumba moja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa siri, na wote tunakaribia kuzama. Akasema asubuhi ile nilipoondoka na vyote viwili, bunduki na pini, alilala usingizi wa kwanza tangu ng'ombe waondoke.

Jumapili tulirudi uwanjani wawili. Orrin alimpa Leland mkono, Leland akaushika kwa mikono miwili. Mimi nikalala mkekani na bunduki ya kuazima, nikapiga. Ganda la risasi la moto likaruka likaniingia kwenye kola, nikarukaruka kama kuku. Kermit akauliza kama nami sasa nimeokoka. Nikamsikia Orrin nyuma yangu anacheka, kidogo tu, kama mashine iliyokaa bila kuwashwa.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari mjini. Sitakudanganya kwamba alipona. Kuna wiki nzuri na kuna wiki ambazo Twyla anakuja kulala kwetu. Mvua nayo imekuja na kukatika. Bunduki iko kwa Leland hadi leo, na hakuna aliyeuliza itarudi lini.

Sasa wewe unayesoma, sikiliza. Sisi hapa tunafundishwa toka utotoni kuangalia kama chemba ina risasi. Tunaingiza hadi kidole. Lakini mtu tunaishi naye, tunaona macho yake yamezima, tunamuuliza habari za nyasi.

Muulize. Kwa neno lenyewe. Halafu kaa hapo usikie jibu, na ukiwa na kitu cha hatari ndani kitoe, na umtafutie msaada siku hiyo hiyo. Usifanye kwa siri kama mimi. Siri yangu na siri yake zingekosana kidogo tu, leo ningekuwa nasimulia mengine.

Mimi namuuliza Orrin kila asubuhi, kabla ya kahawa. Swali lile lile, hatuoneani haya tena.

Leo amejibu, "Leo hapana, Vonnie. Sogeza sukari."