Povu kwa Herufi F

Kazini walimwita Koma. Jina hilo alilipata enzi za gazeti la karatasi, alipokuwa msahihishaji, siku aliposimamisha mtambo wa kuchapa dakika arobaini nzima kwa sababu ya koma moja iliyokaa pasipo pake. Mhariri alifoka mpaka mate yakamkauka. Yeye akasimama palepale na kalamu yake nyekundu, akangoja koma iondolewe. Wenzake walimcheka wiki nzima, naye moyoni alifurahi, maana mtu asiye na cheo wala gari hufurahi walau akiwa na jina.

Kisha gazeti likanunuliwa. Lilinunuliwa na kampuni ya sabuni, ile yenye kiwanda juu ya bonde, ambayo tayari ilikuwa na redio mbili. Karatasi ikafa kimyakimya, ukabaki ukurasa wa mtandaoni ambao watu huusoma kwenye simu na kuandika maoni yao chini ya kila habari. Wasahihishaji wengine wote waliagwa kwa keki na hotuba fupi. Koma peke yake akabakizwa. Aliambiwa kwamba anakijua Kiswahili kuliko wote, na kwamba mtandao unamhitaji mtu kama yeye. Akavimba kichwa. Hakuuliza unamhitaji kwa kazi gani.

Kazi yenyewe iliitwa kutuliza. Meneja wa mtandao, binti mpole aliyemwita mzee kwa heshima zote, alimweleza siku ya kwanza. Hapa hatufuti maoni ya mtu, alisema, kwa sababu ukimfutia mtu atapiga kelele. Tunayatuliza. Aliyeandika anayaona kwenye simu yake kama kawaida, lakini wengine wote hawayaoni. Anangoja ajibiwe, hajibiwi, anachoka, ananyamaza mwenyewe.

"Kompyuta inatuliza yenyewe," meneja alisema. "Sisi tunaipa orodha ya maneno tu. Sasa mzee, wewe ndiye mwenye maneno. Tusaidie hili la kiwanda."

Hili la kiwanda kila mtu alilijua. Kilimwaga maji machafu mtoni, na povu jeupe lilishuka mpaka bondeni kwenye visima vya watu. Kabla ya kununuliwa, gazeti liliwahi kuchapa picha ya povu hilo ukurasa wa kwanza, na Koma mwenyewe ndiye aliyesahihisha maelezo ya chini ya picha. Habari hiyo leo ukiitafuta huipati.

Basi akaketi, akaandika "povu". Angeishia hapo, ningemtetea kidogo. Lakini akanogewa. Miaka yote ile ya kuwinda makosa ya watu ilimjia vidoleni kwa mara moja. Akaandika "mapovu", akaandika "povuu", akaliandika na kwa sifuri mahali pa o kama wanavyofanya vijana. Halafu akamkumbuka mtu mmoja ambaye tangu utotoni hatofautishi v na f, anayeandika "mfua" akitaka mvua na "fumbi" akitaka vumbi. Akaongeza "pofu".

Meneja akapiga makofi. "Mzee, hilo hata mimi lisingenijia!"

Mtu aliyemkumbuka alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Dada huyo ni fundi cherehani, anaishi bondeni, na ndiye aliyemlea Koma baada ya wazazi kufariki. Shule aliiachia darasa la nne ili mdogo wake asome. Sare zote za Koma alizishona yeye, na kalamu nyekundu ya kwanza alimnunulia yeye. Kila Jumapili Koma alishuka kumsalimia, na hakuwahi kwenda mikono mitupu. Kwa miezi minne tangu aandike ile orodha aliendelea kushuka hivyohivyo, anakula, anacheka, anaondoka. Hakumwambia kazi yake mpya ni ipi. Alisema tu kwamba yuko mtandaoni.

Jumapili moja alimkuta dirishani kwenye cherehani, akihangaika na kitambaa cha hariri. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimebambuka ngozi, na kila alipokigusa kitambaa nyuzi zilinasa. Ndoo ya maji ya kisima ilikuwa kando, imefunikwa kwa sinia.

"Afadhali umekuja," dada alisema. "Kabla hujakaa, mdogo wangu, kuna kitu nataka unisahihishie." Akamkabidhi simu yake. "Miezi minne sasa naandika kwenye ukurasa wenu. Hakuna aliyenijibu. Hata wa kunitukana hayupo! Huko kwenu mtu akiandika tu ameamka salama anavuna matusi kumi. Mimi kimya."

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Nikajua ni kuandika kwangu. Watu wa huko wamesoma. Wanaona vimaneno vyangu hivi, wanapita zao. Naona aibu, nakuambia kweli. Kila nikibonyeza naona aibu, ila naandika tu."

Koma akasoma. *maji ya bondeni yana pofu jeupe mfua zikinyesha linaingia mpaka kisimani watoto wanatokwa na upele naomba wahusika waje waone.* Alipandisha kidole, akakuta jingine kama hilo, na jingine. Yalikuwa arobaini. Yote yalikuwa na pofu.

Uso ulimwaka. Hapo ndipo mwanamume mwenye haya angesema. Koma aliomba karatasi.

Akaandika upya, kwa utulivu kama yuko ofisini. Akaweka herufi kubwa, akaweka koma tatu na nukta mbili. Akaikata f akaweka v, huku akijua vizuri kwamba kwa v au kwa f hakuna atakayeliona. Akamsomea dada yake kwa sauti.

"Ona sasa!" dada alisema. "Hapo ndipo inasomeka. Kusoma raha jamani."

Akaipokea karatasi, akaanza kunakili kwenye simu herufi moja moja kwa kile kidole kilichobambuka. Akabonyeza. Wakakaa wote wawili wakiitazama simu juu ya meza ya cherehani. Dakika tano. Dakika kumi.

"Labda kwa sababu ni Jumapili," dada alisema. "Watu wamepumzika. Au labda ile koma ya pili imewachanganya?"

Ni hiyo koma ya pili iliyomvunja. Alitoa simu yake, akaufungua ukurasa uleule, akailaza kando ya ile ya dada.

"Dada, tazama."

Dada akatazama huku na huku. "Mbona kwangu yapo na kwako hayapo?"

Akamweleza. Alieleza akiangalia sakafu, vipande vya vitambaa na pini zilizodondoka. Alipomaliza, dada aliuliza taratibu, "Neno povu nani kaliweka?"

"Mimi."

"Na pofu?"

"Mimi pia."

"Hilo ulilijuaje? Maana nani mwingine anaandika hivyo?" Jibu likamfikia bila kuambiwa. Alivikunja vidole vyake ndani ya kiganja kana kwamba alitaka visionekane. "Kumbe aibu yote ile ilikuwa yako," alisema. "Mimi nilikuwa nakubebea tu."

Hakumfukuza. Aligeukia hariri yake na kusema, "Chai ipo kwenye chupa, jimiminie." Tangu azaliwe, Koma hakuwahi kujimiminia chai katika nyumba ile. Aliondoka bila kuinywa.

Jumatatu alipanda ngazi za ofisi akiwa na hotuba nzima kifuani. Alipofika mbele ya meneja hakuitoa. Alichotoa ni hiki: kwamba neno pofu limo ndani ya kipofu na vipofu, kwa hiyo kompyuta inawatuliza wasioona wa watu kila wanapojitaja, na wakigundua itakuwa fedheha kwa kampuni.

"Sawa kabisa, mzee. Liondoe hilo," meneja alisema. "Povu libaki."

"Libaki," Koma akaitikia. Ndiyo, aliitikia.

Akalifuta pofu. Papo hapo maoni arobaini ya dada yake yakajitokeza hadharani, bila koma hata moja. La arobaini na moja, lile alilolisahihisha yeye, halikutokea.

Saa tano simu yake ikaita.

"Wamenijibu!" Dada alikuwa akicheka hadi anakohoa. "Wananicheka, lakini wamenijibu. Mmoja kaniambia pofu ni mnyama wa porini mwenye pembe. Nikamwambia basi huyo mnyama ndiye anayetuharibia kisima. Mwingine anasema na kwao chini ya daraja ni hivyohivyo, ana picha." Kicheko kikapungua. "Ila ile ya jana, ile nzuri, haijapata hata jibu moja."

"Ile niliisahihisha," Koma alisema.

Dada alilipima neno hilo. "Kwa hiyo anayeandika sawasawa bado haonekani."

"Ndiyo, dada."

"Na orodha unayo wewe."

"Ninayo."

"Haya. Mimi nitaendelea kukosea, nimeshazoea. Wewe utaendelea na nini?"

Koma alisikia cherehani ikianza kunguruma kabla simu haijakatwa. Mbele yake orodha ilikuwa bado wazi, na neno povu lilikuwa juu kabisa, limeandikwa bila kosa hata moja.