Ushindi Niliousikia Redioni

Kwa miaka saba nilimsomea kaka yangu ramani kwenye mbio za magari, na kwa miaka saba hatukushinda hata mara moja. Nilikaa kiti cha kushoto na daftari langu, nikimtajia kona kabla hajaziona: kulia kali, kushoto ndefu, daraja bovu. Kwenye gereji yetu Makambako watu walizoea kutuuliza, "Safari hii mmekuwa wa ngapi kutoka mwisho?" Tulicheka nao.

Mwaka jana mashindano yakaletwa Njombe. Wiki nzima nilipita barabara zile kwa pikipiki, kwenye mashamba ya chai na miti ya mbao, ukungu umenilowesha hadi soksi, nikiandika kila kona. Zikiwa zimebaki siku nne, kaka akanijia jikoni.

"Dada, giaboksi imekufa. Tumejitoa."

Nililia. Akanishauri niende Mlangali nikamsaidie mama kuvuna maharage, akanibebea begi hadi stendi. Daftari nililiacha kwenye gari.

Jumapili, tumetoka kanisani, redio ya mama ikatangaza kwamba gari la Makambako limeshika nafasi ya kwanza. Likatajwa jina la kaka. Niliruka, mama akapiga vigelegele. Kisha likatajwa jina la msoma ramani: kijana wa Dar es Salaam nisiyemjua.

"Si ulisema gari ni bovu?" mama akauliza.

"Ndivyo nilivyoambiwa, mama."

Kesho yake nilimkuta kaka gereji, anaosha gari.

"Giaboksi imepona?"

Hakugeuka. "Mfadhili mpya alitaka mtu wake. Ningekuambia, ungekataa."

"Uliniuliza?"

"Dada, tumeshinda!"

"Nani na nani?"

Akaendelea kumwagia maji tairi ambalo lilikuwa safi tayari. Daftari langu lilikuwa kitini, mwandiko wangu umepigiwa mistari chini kwa wino mwekundu usio wangu, kona kwa kona. Nililichukua nikaondoka. Njiani watu walinipa mkono wa pongezi, nikawajibu asante.

Sijapanda tena gari lake. Sasa nafundisha udereva Njombe mjini. Sikukuu tunakutana kwa mama, tunakula meza moja. Ananisogezea bakuli la nyama, napokea, na hakuna kati yetu anayetaja mbio. Lakini kinachoniuma hadi leo ni ile furaha ya mwanzo: nilivyoruka kwa ajili yake kabla sijasikia jina la pili.