Debe la Maji Kilimani

Kile kilima cha nyuma ya kijiji chetu, Kisegi, si kirefu. Bila mzigo, unafika juu kabla jasho halijakutoka vizuri. Lakini siku ninayoikumbuka, mama alikuwa na debe la maji kichwani na mimba ya miezi saba, na mbele yetu wanaume wanne walipanda mikono mitupu.

Uhuru ulikuwa na miaka miwili au mitatu tu. Chifu alipata wageni, ofisa mmoja kutoka mjini na wenzake wawili, waliotaka kulitazama ziwa kutoka juu. Akatuma askari kanga, polisi wake wa utawala, nyumba kwa nyumba: wanawake wapandishe meza, viti na maji ya kunywa. Hakuuliza nani mgonjwa wala nani mjamzito. Mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu, niliitwa nitafsiri kwa sababu nilikuwa na Kiswahili cha shule.

Juu kule, kweli, macho yanashiba. Mashamba ya mtama yalishuka mpaka ufukoni, na kisiwa cha Mfangano kilionekana ng'ambo ya maji, cha buluu kama wingu zito.

"Nyinyi watu mna bahati," ofisa akaniambia. "Mnaishi peponi."

Mama alikuwa bado amesimama na debe, akihema. Jirani yetu ndiye aliyemtua, si wao.

Ofisa akaketi, akanyoosha miguu, akaagiza amiminiwe maji. Hakuyanywa. Walikuwa na soda zao. Aliosha viatu! Maji tuliyoyachota ziwani alfajiri, yakaishia kwenye viatu vyake na vya wenzake.

Mama akasema kwa Dholuo, "Mwulize, kama vumbi linamsumbua, mbona hakuoshea kule chini, maji yaliko?"

"Mama anasema nini?" ofisa akauliza.

Chifu akanikazia macho. Nikajibu, "Anasema karibuni sana."

Ofisa akacheka, akampigia mama makofi. Mama akanigeukia. "*Nyathina*, mwanangu, maneno yangu yalikuwa machungu. Mbona yamemfurahisha?"

Akajitwika debe tupu, akaanza kushuka. Wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja, meza na viti wakaviacha palepale. Chifu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nami nikakimbia nyuma yao. Baadaye tulimwona chifu akiteremka na meza kichwani, ofisa nyuma yake na kiti chake.

Wiki iliyofuata askari kanga alikuja akamchukua jogoo wetu. Eti faini ya dharau. Dharau ya nani kwa nani? Mpaka leo swali hilo linanichemsha damu, na ulimi wangu wa siku ile unanichemsha zaidi.

Mama hakunigombeza. Jioni moja tukipepeta mtama aliniambia tu, "Hicho Kiswahili, nifundishe mwenyewe."

Nikamfundisha. Kufikia mavuno alikuwa akibishana na askari kanga ana kwa ana, sarufi yote kombo, na hakuna aliyeweza kujifanya hajamwelewa.