Mashindano ya Nguruwe wa Turubai

Nguruwe pori hanuki akija, hunuka akishaondoka. Katika kijiji chetu wilayani Biharamulo, upande ule ambao mashamba yanakoma na msitu unaanza, niliamshwa asubuhi nyingi za utoto wangu na harufu hiyo: utamu mbichi wa mahindi machanga yaliyotafunwa nusu, tope lililopinduliwa, na juu ya hayo kitu kizito kama gunia lililolowa mvua. Kabla mama hajafungua mlango tulikuwa tumeshajua. Alisimama ukingoni mwa shamba, khanga imekazwa kiunoni, akaitazama mistari iliyolala chini kama walevi, kisha akasema neno moja la Kihangaza, lugha ya kwao Ngara, ambalo sisi watoto tulikatazwa kulirudia. Tulilirudia shuleni, kwa heshima kubwa.

Kijiji kilikuwa na bunduki moja ya kulinda mazao, raifali ya zamani ambayo kitako chake kilifungwa kwa mpira wa tairi. Mtunzaji wake alikuwa Mjomba Stani, mdogo wake mama, aliyekuja kutoka Kanazi kule Ngara akiwa na kitanda, redio na maneno mengi. Nyumba yake ilipakana na yetu, kwa hiyo bunduki ilikuwa karibu na shamba letu, na mama aliliona jambo hilo kuwa baraka ya Mungu isiyohitaji kujadiliwa. Wengine walilijadili. Walisema mjomba huua nguruwe wengi zaidi akiwa ameketi kuliko akiwa amesimama. Mwaka nilipokuwa darasa la tano, mkutano wa kijiji ukaamua: bunduki ishindaniwe, na atakayeshinda aitunze. Kama ingeangukia kwa Afande Kato, mgambo mstaafu aliyekaa mwisho kabisa wa kijiji, karibu na barabara ya Nyakanazi, nguruwe wangeweza kula shamba letu, wakapiga mswaki, na kulala, kabla yeye hajavaa viatu. Na lile shamba ndilo lililokuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Kazi ya kuyapanga mashindano alipewa baba. Alikuwa bwana nyama mstaafu, mtu aliyetembea msituni miaka mingi akilinda wanyama dhidi ya watu na watu dhidi ya wanyama. Hakuna aliyeogopa kwamba angempendelea shemeji yake. Wote walikumbuka kwamba alipokuwa bwana nyama kijana aliwahi kumnyang'anya baba yake mzazi mtego wa digidigi, akamwandikia na karatasi ya mashtaka.

Wiki nzima baba alikaa na daftari. Afande Kato alikuja kumshauri achore duara zenye namba, kama alizozizoea kwenye mafunzo ya mgambo. Baba akamwambia kwa upole kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuona nguruwe mwenye duara tumboni, wala anayesimama akusubiri uhesabu pumzi. Alitaka mashindano yanayofanana na windo lenyewe: kuhema, kuteleza, majani yanayoziba macho, mnyama asiyekupa taarifa. Ila hakujua achague matukio gani bila mtu kulalamika kwamba ameonewa. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi, ndiye aliyemfungua macho.

"Baba Neema, unahangaika nini? Si wameshakueleza wenyewe? Kila mmoja ameshasema alivyompiga nguruwe wake. Waambie warudie."

Ili uelewe ubaya wa pendekezo hilo, lazima ujue desturi yetu. Hadithi za kuwinda zilisimuliwa kwenye rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na mwindaji hakuulizwa swali mpaka amalize kibuyu chake. Mwindaji alikunywa polepole. Na akishamaliza, atakayemuuliza ndiye atakayemjazia tena. Kwa hiyo maswali yalikuwa ghali, na hadithi zikanenepa bila kuguswa na mtu, kama ng'ombe wa mfalme. Kila mtu mzima kijijini alizijua kwa moyo, hasa za wale watatu waliojitokeza kushindana. Yeremia, fundi baiskeli, alimfukuza nguruwe akipanda mlima, akampiga bila hata kuvuta pumzi. Afande Kato alimpiga mmoja aliyekatiza njia kama umeme. Na Mjomba Stani, hadithi yake ndiyo iliyokuwa mama wa hadithi zote: nguruwe alijificha katikati ya kundi la ng'ombe wa mzee Masanja, naye mjomba akampiga kwa kupitisha risasi kati ya miguu ya ng'ombe, "kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano."

Baba alikwenda Nyakanazi, kwenye maegesho ya malori, akarudi na turubai kuukuu, kamba, na waya. Uwanja ukawa shimo la moramu lililoachwa na watengeneza barabara, lenye ukuta mrefu wa udongo mwekundu wa kumeza risasi. Tulishona nguruwe wa turubai, tukawajaza majani makavu ya mgomba, tukawapaka masizi. Kituo cha kwanza: kimbia kutoka mtoni hadi juu, chukua bunduki, piga nguruwe aliyesimama. Kituo cha pili: nguruwe anateremka kwenye waya kati ya vichaka viwili, anaonekana kwa muda wa kupiga chafya. Kituo cha tatu: ng'ombe mkubwa wa mbao na turubai, na nyuma yake nguruwe, pua tu ikichungulia chini ya tumbo. Kila kituo, risasi moja.

Kwa kituo hicho cha tatu, baba aliandika sentensi moja, akaitia kwenye bahasha ya kukabidhiwa mwenyekiti wa kijiji, aifungue mwishoni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Nikasoma: *Atakayepiga hapa amekosa, asiyepiga ndiye mwindaji.* Baba aligeuka akaniona. Hakunikemea, aliniapisha tu, mbele ya mama, kwamba sitamwambia mjomba. Mama aliniangalia kwa macho ya mtu ambaye angefurahi sana kama ningekuwa mtoto mkaidi. Siku tatu sikula vizuri. Mjomba alipita kila jioni kutuonyesha jinsi ya kupitisha uzi kwenye sindano, akitumia ufagio, na mimi nilimeza siri ile kama kidonge kisicho na maji.

Jumamosi, kijiji kizima kilijaa ukingoni mwa shimo, nyuma ya kamba aliyoifunga baba. Wanawake walileta karanga. Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele, kwa kuwa ng'ombe waliokuwa kwenye hadithi ile walikuwa wake.

Yeremia alianza. Alitokea bondeni akihema kama mivukuto ya mhunzi, akashika bunduki, na mtutu ukaanza kuzunguka mbinguni na duniani kama jicho la kinyonga. Risasi ilipiga ukuta, juu kabisa, mahali ambapo nguruwe angehitaji mabawa.

"Fundi, pumzi umeisahau mtoni?" akapaza sauti mama mmoja.

"Mlima niliousema mimi haukuwa huu!" Yeremia akajibu, ameshika magoti. "Ule ulikuwa na kivuli!"

Afande Kato alipanda kwa mwendo wa gwaride, akampiga yule nguruwe aliyesimama, begani kabisa. Makofi. Mjomba Stani alipofika juu alifanya kitu ambacho hakikuwamo kwenye hadithi yoyote: aliketi chini, akatema mate, akasubiri kifua kitulie huku watu wakimzomea, kisha akapiga. Begani pia. Mama aliachia kiganja changu, nami nikagundua kwamba vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kwenye kituo cha pili, njia ya mwongo ilionekana ilivyo fupi. Yeremia alipiga kichaka. Afande Kato alilala kifudifudi, akapima upepo kwa kidole, akaweka kofia sawa. Alipofumba jicho moja nguruwe alikuwa ameshafika chini na vumbi limeshatulia. "Huyu nguruwe hana nidhamu!" alisema, akaomba arudishwe juu. Baba akamjibu kwamba wa msituni harudishwi. Mjomba naye alikosa, kwa umbali wa kutia haya. Hivyo wakafika kituo cha tatu Kato na mjomba wakiwa sawa, na Yeremia akiwa na jina lake tu.

Yeremia akapiga. "Nimempata!"

"Umempata ng'ombe, ndugu yangu," baba alisema. "Tumboni."

Afande Kato akapiga, na pua ya nguruwe ikaruka. Watu waliruka pamoja nayo. Karanga zilimwagika. Wazee walimshika mkono, na mkewe akapiga vigelegele mpaka mbwa wakaitikia. Sasa ilikuwa wazi kwa kila mtu, isipokuwa baba na mimi, kwamba mjomba lazima apige, na apige pua hiyohiyo, la sivyo bunduki imehama.

Mjomba alipiga goti. Aliinua bunduki. Nilimwona akilitazama lile tumbo la turubai kwa muda mrefu, muda ambao hadithi yake haikuwa nao kabisa. Waya ulilia kwa upepo. Kisha akatoa risasi, akaiweka juu ya jiwe, akasimama.

"Sipigi."

"Piga, Stani!" watu wakapiga kelele. "Uzi na sindano!"

"Shemeji," alimwambia baba, lakini alikuwa anamtazama Masanja. "Siwezi. Mara ya kwanza nilipiga hivihivi. Nguruwe alikimbia. Niliyempata ni ng'ombe."

Masanja alisimama taratibu. Miaka miwili kabla, ng'ombe wake mmoja, Sululu, alirudi zizini na tundu begani, akachinjwa asife bure. Mtaalamu aliyeitwa kulikagua jeraha alikuwa Mjomba Stani. Alipima kwa kidole, akanusa, akatangaza kwa huzuni kwamba hiyo ni pembe ya nyati.

"Stani," Masanja alisema. "Nyati ulikuwa wewe?"

"Mimi, mzee wangu."

"Na paja la shukrani nikakupa?"

"Ulinipa. Na nilikula, mzee. Lilikuwa jema sana."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama, kwa hofu tu, maana aliona mahindi yetu yakienda. Kicheko kilizunguka ukingo mzima wa shimo kikamfikia Masanja mwisho, akapigana nacho kama mtu anayezuia kikohozi kanisani, kikamshinda. Hapo ndipo mwenyekiti alipofungua bahasha na kusoma. Afande Kato alipinga kwa nguvu: yeye amempiga nguruwe, pua ile pale! Baba akatembea hadi kwa yule ng'ombe, akachomeka kidole kwenye tundu jipya la goti la mbele. Risasi ilikuwa imempitia ng'ombe kwanza. Mkuki kwa nguruwe. Kwa ng'ombe wa watu, mashtaka.

Bunduki ikabaki kwa mjomba. Masanja alilipwa mtamba na mjomba, kama inavyostahili, lakini adhabu aliyoitaka zaidi ilikuwa nyingine: "Kila utakapoisimulia tena, uanze na Sululu." Mjomba alitii. Cha ajabu, hadithi ikawa tamu zaidi, na watu wakaanza kuuliza maswali wakimjazia kibuyu kwa hiari. Mwaka ule aliwaua nguruwe wawili tu, wala hakudai wa tatu. Ila alizoea kukaa kwenye kibanda cha shambani badala ya kukaa kwenye rubisi, na hiyo ilitosha. Tulivuna. Mama alichemsha mahindi ya kwanza, akampelekea mdogo wake huyo mwongo sufuria nzima.

Siku hizi bunduki imerudishwa wilayani, na nguruwe hufukuzwa kwa madebe na moshi wa pilipili. Baba alishazikwa. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mama, nikakuta mkutano wa kumchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Mgombea mmoja, kijana nadhifu mwenye kipaza sauti, alieleza jinsi alivyoifufua pampu iliyokufa huko Rulenge, kwa siku moja, kwa spana moja, peke yake. Alisimulia vizuri sana. Pampu yetu ilikuwa hatua thelathini kutoka pale alipokuwa, mpini umeota kutu, ndege ameweka kiota. Nikatazama huku na huku, nikingoja mtu ainuke na spana. Watu walipiga makofi. Kijana alipita kwa kura nyingi, akashukuru, akawasha pikipiki yake akaondoka. Mama akanipa ndoo, tukashuka bondeni kuchota maji.