Nilimfungia Mtoto wa Dada Yangu

Mlango niliufunga mimi. Naanzia hapo, maana nikianzia kwingine nitajikuta najitetea, na utetezi sina.

Mimi ni mama mtu mzima, wa kijiji kidogo kwenye ghuba ya Tungue, huku kaskazini mwa Msumbiji. Jina la kijiji nalihifadhi. Tuliwahi kuwakimbia wale watu wa bunduki na mapanga, tukakaa Palma chini ya maturubai, na mambo yalipotulia tukarudi. Tukapanda mihogo, tukaezeka makuti mapya, tukasema alhamdulillahi, yamekwisha. Thubutu!

Dada yangu hakurudi. Alibaki Palma na bintiye, nimwite Zaina. Zaina na mwanangu walivunja ungo karibu wakati mmoja, na mimi nikang'ang'ania wachezwe unyago pamoja, tena kijijini.

Dada alisita. "Mdogo wangu, huko bado kuna maneno. Tuwacheze hukuhuku."

Nikamjia juu. Mwali achezwe kwenye maturubai kama mtu asiye na kwao? Dada yangu hajui kunikatalia, tangu tukiwa wadogo. Akampakia mwanawe kwenye mtumbwi, yeye akabaki Palma.

Na haikuwa mila peke yake, niseme kweli. Wifi yangu alimchezea bintiye ngoma iliyosifiwa mpaka kisiwani Vamizi, na mimi nilitaka yangu isifiwe zaidi. Ujinga gani huu, jamani!

Basi wakawekwa ndani wote wawili. Mwali akiwa ndani haonekani na watu. Chakula anapelekewa, na somo wake anakuja kumfunda. Zilibaki siku chache tu watolewe.

Asubuhi moja watu wa kitongoji cha jirani walipita na mafurushi kichwani, hata salamu hawana. Mmoja alisema tu, "Wameonekana mashambani," akaendelea na safari.

Somo akanifuata uani. "Tuwatoe leo hii hii. Tuwaogeshe, tusome dua fupi, tuondoke nao. Ngoma tutapiga tukifika Palma."

Mwenye mila yake mwenyewe ameruhusu! Mimi nikakataa. Nilikuwa nawaza mchele uliokwisha kupepetwa, mbuzi aliyefungwa uani, na jamaa zangu wa kisiwa cha Macaloe waliokuwa njiani na samaki wa shughuli.

"Kila siku wameonekana," nikamjibu. "Tropa wamejaa Palma, watatulinda."

Wanajeshi ndio tunaowaita tropa. Siku hiyo sikumwona hata mmoja.

Zaina aliyasikia yote kupitia ukutani. Nilipoingia akanishika mkono.

"Mama mdogo, naogopa. Nipeleke kwa mama."

"Unaogopa nini? Unataka kuniaibisha?"

"Siogopi unyago. Nawaogopa wale."

Nikamwambia mji umemharibu. Nilichelea atatoroka, watu wapate la kusema. Nikatoka, nikatia kufuli kwa nje, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikateremka ufukweni kuwangoja wageni wangu.

Alasiri, kabla wageni hawajafika, risasi zikalia upande wa msikitini. Kisha moshi, kisha watu wanakuja mbio upande wangu, wengine hawana hata nguo za maana.

Nilipiga hatua chache kuelekea nyumbani. Halafu nikageuka. Ningeweza kuwadanganya kwamba nilivutwa, nilizuiwa. Hakuna aliyenizuia! Niliiogopea roho yangu, nikakimbilia mikokoni na wenzangu, na ufunguo ninao.

Tulikaa kwenye tope mpaka maji yakatufika kifuani. Nikajiambia kwamba wakiona kufuli nje watadhani nyumba haina mtu, wataipita. Nikajiambia hivyo mpaka nikaamini.

Tuliporudi kesho yake, kijiji kilikuwa majivu. Muadhini wetu, mzee mpole ambaye hajawahi kugombana hata na kuku, tulimkuta maiti mbele ya msikiti. Jirani yangu muuza maandazi tulimkuta yeye na mwanawe, wamekumbatiana. Walikosa nini watu hawa? Walimdhulumu nani?

Nyumba yangu haikuungua. Mlango ulikuwa umepasuliwa kwa shoka, na kufuli limening'inia kwenye kipande kilichobaki. Ndani hamna mtu.

Mwanangu nilimkuta hai kwenye shamba la mihogo, amejificha na somo. Yeye ndiye aliyenieleza. Waliposikia risasi waliupiga ule mlango, wakaniita mpaka sauti zikawakauka. Zaina akachuchumaa, akamwambia mwenzake apande mabegani, apenye pale juu kati ya ukuta na makuti. Mwanangu ana mwili mdogo, akapenya.

Alipoanguka nje akauliza, "Na wewe je?"

Zaina akamjibu, "Kimbia. Mama mdogo atakuja kufungua."

Mama mdogo atakuja kufungua! Ee Mola wangu! Aliniamini, mimi niliyekuwa mikokoni.

Kutoka kwenye mihogo mwanangu alimwona akiswagwa kuelekea porini pamoja na wasichana wengine, amejitanda kanga yake ya uwali. Tangu hapo hatujui lolote.

Nilipofika Palma nilimdanganya dada. Nilisema wasichana walikuwa wanakimbia, mmoja akakamatwa. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni. "Mama anasema uongo," akasema. "Alitufungia." Akaeleza mwanzo mpaka mwisho, na mimi nimeinamisha kichwa.

Dada hakupiga kelele. Heri angenipiga! Alisema tu, "Mwanangu bado ni mwali, hajatolewa. Siku akirudi nitamtoa mwenyewe. Wewe usije."

Hajanisemesha tena. Kila ikisikika kuna wanawake wametoroka porini wakaletwa Palma, anakwenda kuwaangalia sura mmoja mmoja, nami namfuata kwa mbali. Mwanangu amehamia kwake. Tukikutana njiani ananiamkia, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mama yeyote mtaani, anapita.

Wenzangu mnaosoma haya, mtoto akikwambia anaogopa, usianze kumhoji. Mshike mkono muondoke. Mchele uache, mbuzi mfungulie aende zake, wageni wakinuna wanune, na wifi akicheka acheke mpaka achoke! Msinifuate mimi niliyeona aibu kwa watu kuliko kumwonea huruma mtoto wa mwenzangu.

Kila nikimaliza kuswali nainua mikono nimwombee Zaina, na hapo nakwama. Sijui nimwombee dua ya aliye hai, au ya marehemu.