Mafuta Meupe ya Injini ya Waiswa

Nakumbuka asubuhi ile ya karakana, mtaani Walukuba, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya mpaka masikioni. Wewe uliyefungua juzi kibanda chako cha kutengeneza injini pale Nalufenya, kaa unisikilize. Na hiyo simu iweke chini kwanza.

Vita vilikuwa vimekwisha miezi michache tu. Serikali tuliyohesabiwa kuwa watu wake imeanguka, maduka yamevunjwa, na sisi Wanubi, wajukuu wa askari wa zamani, tulitembea tumejikunyata. Nilikuwa fundi kwa Hajati Safia, mjane aliyeachiwa karakana na mumewe, na injini alizijua kuliko wanaume waliomcheka. Kiswahili kilinijaa mdomoni, maana nyumbani kwetu ndicho tulichokuwa tukigombania chakula nacho. Wenzangu wengi walikikwepa, wakisema ni lugha ya bunduki. Basi askari wapya wakija karakana, nasukumwa mbele mimi, na kusema kweli nilikuwa napenda.

Siku hiyo Hajati alikuwa amekwenda Mbale kutafuta vipuri. Askari wakateremsha injini ya mashua, na nyuma yake Waiswa, mwenye mashua hiyo, mtu wa Budondo, mikono imefungwa kamba. Jana yake alikuwa anawavusha askari hao ziwani, injini ikaanza kukwaruza, akaizima ili isivunjike, wakabaki wanaelea na mashua siku nzima. Afande wao alishaamini kwamba Waiswa alitaka kuwazamisha. Alitaka tu fundi aseme ndivyo.

Nikafungua skrubu ya chini, kwenye mguu wa injini mnamokaa gia. Mafuta yakatoka meupe, rangi ya chai ya maziwa. Waiswa akaanza kusema haraka haraka kwa Lusoga, lugha ya kwao: juzi nilipita juu ya nyavu karibu na Masese, tangu hapo mguu unapiga kelele. Nilimsikia vizuri. Lusoga nimekua nayo. Nikamwambia nyamaza wewe, nikamgeukia afande: "Ni maji, afande. Mtu ametia maji kwenye mafuta."

Ebo! Nani aliniuliza habari ya mtu? Hakuna aliyenishikia kisu. Nilitaka kusifiwa, na nikasifiwa. Afande alinipiga bega, "Huyu ndiye fundi," na Waiswa akatupwa garini. Mwanangu, waliochukuliwa wiki ile wengi wao hawakurudi. Mimi nilijua hivyo, na jioni nilikula nikashiba.

Kesho yake Hajati akarudi, nikamsimulia kwa majivuno. Akaweka kikapu chini.

"Mtu gani huyo aliyetia maji?"

"Simjui."

"Umemwona?"

"Sikumwona, Hajati."

"Sasa mdomo wako ulimwonea wapi? Rangi imekwambia maji yameingia. Imekwambia yameingilia wapi? Toa pangaboi."

Nikalitoa, lile panga la chini linalosukuma mashua. Nyuma yake, kwenye shafti, uzi wa nailoni wa nyavu umejizungusha, umekaza, umeyeyuka kidogo kwa joto, na umeikata sili. Ile sili ndiyo inayozuia maji yasiingie kwenye gia. Ilikuwa imepasuka wazi, hata mtoto angeiona. Nikaanza kulia. Hajati hakunibembeleza hata kidogo.

"Machozi yako hayatamtoa Waiswa. Sili usiiguse, iache hivyo hivyo ilivyokatika. Beba injini, twende kambini."

Langoni afande alitutazama kama wendawazimu. "Jana umesema mtu. Leo unasema uzi. Wewe unanichezea?"

Niliogopa, wallahi. Halafu ikanipanda hasira, si ya afande, ya nafsi yangu, na hofu ikakosa pa kukaa. Nikasema, "Nilikosea, afande. Mimi, si yeye. Waiswa alinieleza ukweli kwa lugha yake, mimi nikaumeza. Kama lazima mtu afungwe, nifunge mimi. Lakini kwanza nipe pipa la maji."

Akacheka, akaagiza pipa. Labda alitaka kuona nitakavyoaibika. Nikasafisha mguu mbele yake, nikatia mafuta mapya, safi kabisa, na skrubu nikamwomba aikaze yeye kwa mkono wake. Tukaifunga injini kwenye ukingo wa pipa, mguu ndani ya maji. Tukaiwasha mpaka ikapata moto, tukaizima, tukaiacha ipoe humo humo, maana mguu ukipoa ndipo unapovuta maji. Tukaswali adhuhuri pale pale langoni, Hajati na mimi, askari wakitutazama. Tukaiwasha tena. Kabla ya alasiri nikafungua skrubu, mafuta yakamiminika kwenye bakuli. Meupe.

"Afande," nikasema, "skrubu umekaza wewe. Waiswa yuko ndani, ufunguo uko mfukoni mwako. Leo nani ametia maji?"

Askari mmoja alicheka, akakikatiza kicheko. Afande alinikazia macho muda mrefu, na mimi nikamkazia yangu. Sikuwahi kumtazama mtu wa bunduki hivyo. Mwisho akautoa ule ufunguo, akamrushia mlinzi.

Waiswa alitoka anachechemea, jicho limevimba. Nikaanza kumwomba msamaha kwa Lusoga. Akanikatiza. "Nilikwambia nyavu. Ulinisikia."

Basi. Sili mpya tuliipata Mbale baadaye, na mashua yake ilivusha watu miaka mingi. Kila tulipokutana alinisalimia vizuri. Lakini injini yake alimpa Hajati mkononi, mimi hakunipa tena mpaka alipofariki.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mafuta yakiwa meupe, sema maji yameingia, uishie hapo. Kisha tafuta yalipopitia. Na mwenye chombo mwache amalize kusema, hata kama mkubwa anakuharakisha, hata kama ni wewe peke yako unayeielewa lugha yake. Hasa hapo. Ukikosea, usikae kuomba usahauliwe. Rudi kwa aliyekuamini, mwambie machoni kwamba umemdanganya, na kama amekasirika, akasirike.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka, na ulimi unaongoja macho. Na siku utakaposimama mbele ya lango kama lile, akusimamishie pembeni mtu kama Hajati Safia. Amina. Haya, nenda kafanye kazi.