Mrithi Aliye Tumboni

Juzi, kwenye ofisi ya bima ya maisha hapa Kasese, mama mjamzito kutoka Bwera alitaka mtoto wake wa kwanza, aliye bado tumboni, aandikwe mrithi.

"Nyabo, mama yangu, mutoto hana jina. Zaa kwanza," karani mgeni akamwambia, akifunika kalamu.

"Nikifia leba, shemeji zangu watamuachia nini?" Mama akagonga fomu kwa kidole. "Sisi Wakonzo, wa kwanza akiwa kijana ni Baluku, akiwa binti ni Masika. Andika majina yote mawili, na mama yangu awe mlezi."

Karani akampigia mkubwa wake, akasikiliza, akaandika. Foleni nzima ikashangilia.

Digrii ya karani imetundikwa ukutani. Mimi, Mkonzo ninayelinda mlango wa ofisi hiyo, niliacha shule darasa la tano, na majina hayo nilikuwa nayo mdomoni tangu mama anasema ni mtoto wa kwanza.